Chaki Ndani ya Bani

Katika maabara ya shule moja ya binafsi ya wasichana, juu kidogo ya barabara pale Msamala mjini Songea, haisikiki tena chaki ikibisha hodi.

Notburga Mbano alikuwa na tabia hiyo. Kabla ya kuandika neno la kwanza aligonga ubao kwa ncha ya chaki, taratibu, kama mgeni aliyesimama mlangoni pa watu, na wasichana wakanyamaza bila kuambiwa. Aliyekuja baada yake ni kijana mwema anayefundisha kwa projekta, wala hakuna anayemlaumu. Lakini ubao umebaki kijivu vile vile, na upepo wa Juni ukipita kwenye madirisha unasikika vizuri kuliko zamani.

Mengi yamesemwa mjini kuhusu alivyoondoka. Mengine yamesemwa na watu tuliokuwa ndani ya bani siku ile, mengine na watu ambao hawakuwapo, na hao wa pili ndio wanaosema zaidi.

Alizaliwa nje ya mji, njia ya kwenda Namtumbo, mtoto wa Tadei Mbano, mkulima wa tumbaku ya moshi. Nyuma ya nyumba yao lilisimama bani, jengo refu la tofali lisilo na dirisha hata moja, ambamo majani ya tumbaku yalining'inizwa kwenye fito na kukaushwa kwa moshi wa magogo yaliyofuka sakafuni. Mtoto wa nyumba ya tumbaku hujifunza mambo mawili mapema. Kwanza, mlango wa bani haufunguliwi kwa pupa. Pili, mkono uliotoka kwenye tumbaku haugusi chungu. Ulimbo wa jani lile ni mweusi, unanata, na ni mchungu kuliko shubiri; ukiingia kwenye mboga, nyumba nzima inalala njaa. Tadei alikuwa mpole katika kila jambo isipokuwa hilo. Hata padri alipokuja kubariki shamba alisimamishwa penye ndoo.

"Karibu sana, Baba," Tadei alimwambia. "Lakini nawa kwanza."

Notburga alinawa, akasoma, akafika chuo kikuu. Huko, mwaka wa mwisho, mhadhiri wake aliwaingiza wanafunzi wachache katika chumba cha giza, akadondosha tone la maji ndani ya kijichupa, na kijichupa kikawaka rangi ya buluu. Hakikuwa na moto wala joto. Kiliwaka kwa muda wa mtu kuvuta pumzi mara chache, kikafifia, kikazima. Ndani yake mlikuwa na protini ya konyeza, yule kiumbe wa baharini aliye laini kama uji uliopoa, ambaye hana mfupa hata mmoja mwilini. Na lile tone lilikuwa na kalsiamu.

"Nikajiuliza," aliwaambia wanafunzi wake miaka mingi baadaye, "kiumbe asiye na mfupa ana shida gani na kalsiamu?"

Swali hilo ndilo alilorudi nalo Songea. Rafiki yake Noela, aliyesimama naye katika kile chumba cha giza, alibaki Dar es Salaam na sasa anafanya kazi katika maabara ya utafiti. Notburga alirudi kumuuguza mama yake, na mama alipofariki hakuona sababu ya kuondoka. Alipata kazi katika ile shule, akapanga chumba Msamala nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, akaanza kuwaambia wasichana kwamba kalsiamu si mambo ya mifupa na meno peke yake. Kalsiamu ni amri, alisema. Msuli unaingoja ndipo ujikaze. Moyo unaingoja ndipo upige. Konyeza naye anaingoja ndipo awake.

Alieleza kwa mkono wake. Aliuinua mbele ya darasa, vidole vimekunjwa juu ya kiganja.

"Hii ndiyo protini ya konyeza. Kiganjani ameshika kuni, na oksijeni ya kuziunguzia ameshaibana humo humo. Kila kitu kipo. Kinachokosekana ni wa kumwambia: sasa. Kwenye mkono huu kuna vishimo vitatu. Kalsiamu ikija ikakaa humo, mkono unabadilika umbo." Alivisogeza vidole kidogo tu, kama mtu anayeamka. "Kuni zinaungua, nuru inatoka. Kalsiamu yenyewe haiungui, wala haing'ai. Yeye katoa amri basi."

Msichana mmoja wa Kidato cha Tatu, Jovina, alinyoosha kidole. "Madamu, na akishawaka?"

"Amekwisha, mpaka apewe kuni nyingine."

"Kama njiti ya kiberiti."

"Kama njiti ya kiberiti, ila hii haikuunguzi."

Shingoni mwa Notburga rovu liliota kama lilivyoota kwa mama yake na kwa bibi yake. Katika milima yetu si jambo la kushangaza. Lilipoanza kumbana pumzi alifanyiwa upasuaji, mbali na hapa, na kidonda kikapona vizuri. Lakini nyuma ya tezi la shingo kuna vitezi vinne vidogo kama punje za mtama, ndivyo vinavyolinda kiasi cha kalsiamu katika damu, na ni vigumu kuvitenganisha na lile kubwa. Vya Notburga havikuamka tena. Halikuwa kosa la mtu. Daktari alimweleza yote bila kuficha: atameza kalsiamu kila siku ya maisha yake. Ikishuka, mishipa ya fahamu itaanza kupiga kelele bila kuitwa. Atasikia ganzi midomoni, kisha vidole vitajikunja vyenyewe, na ikizidi ataanguka.

"Nilicheka," Notburga alisema. "Daktari akadhani nimechanganyikiwa."

Aliendelea kufundisha. Vidonge alivitafuna mbele ya wanafunzi wake kama watu wanavyotafuna karanga. Halafu mwaka huu, mwezi wa pili, dawa ikaadimika madukani. Alizunguka mjini kutwa nzima, akaagiza kwa mtu wa basi, akangoja. Kabla haijafika, asubuhi moja katika maabara, mkono wake ulijikunja ukiwa umeshika chaki. Aliutazama. Aliwaambia wasichana, "Msiogope, nitaanguka," akaanguka.

Jovina alikishika kichwa chake kisigonge sakafu. Wengine walikimbia nje wakilia.

Jioni mji ulisema ni kifafa. Kesho yake mji ulisema ni shetani. Ilipofika Jumapili, watu walishakumbuka kwamba mwalimu huyu ndiye anayewasimulia watoto habari za mnyama wa baharini anayewaka gizani, na mambo yakajipanga yenyewe: alilileta jini kutoka pwani, akalifuga, sasa linadai haki yake.

Notburga alipotoka hospitali alikwenda kazini. Mkuu wa shule, Athanasi Gama, alimkaribisha ofisini, akamwagizia chai.

"Mwalimu, mimi binafsi sina neno," alisema Athanasi.

"Mtu akianza hivyo, Mkuu, neno analo."

Athanasi alitabasamu kwa shida. Si mtu mbaya. Alikuwa na shule ya kuilinda. Alieleza kwamba wazazi kadhaa walitishia kuhamisha watoto. Bodi imekaa. Bodi haitaki kumpoteza. Inaomba jambo dogo tu: mwisho wa mwezi kutakuwa na maombi ya shule, na yeye asimame mbele, aombewe, wazazi waone kwa macho yao. Jumatatu yake arudi darasani kama kawaida.

"Niombewe nini?"

"Afya."

"Afya naombewa kila Jumapili kanisani, na huwa naitikia Amina. Ninyi mnataka nitolewe shetani mbele ya Kidato cha Tatu."

"Tusiyaite hivyo."

"Tuyaiteje?"

Athanasi alikoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari.

"Ni dakika kumi tu, Mwalimu Notburga. Unafumba macho, yanapita."

"Nikisimama pale hata dakika moja, nitakuwa nimewafundisha wasichana wote wa shule hii kwamba kalsiamu ni hadithi na shetani ndiye kweli. Sitasimama."

"Basi darasani huwezi kuingia."

"Basi nitawaita wazazi mwenyewe, niwaonyeshe. Wakishaona, waseme kama watoto wao nisiwafundishe."

"Kwenye maabara ya shule haitawezekana."

"Sijaiomba. Ina madirisha mengi mno."

Alitoka bila kugusa chai. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa: alikuwa na darasa la kupoteza, na hakuwa na kitu kingine duniani alichokitaka zaidi ya hilo darasa.

Noela alimtumia vijichupa viwili vya ile protini kwa basi, ikiwa imekaushwa kuwa unga, vimefukiwa ndani ya barafu kwenye kidumu cha kubebea chanjo. Alimpigia simu. "Ndivyo vilivyobaki, dada. Hata usivikoholee."

Mahali pa giza saa nne asubuhi, saa aliyowaalika wazazi, si rahisi kupata mjini Songea. Notburga alikuwa napo. Bani la baba yake lilisimama bado, ingawa Tadei alikwishakufa na tumbaku haikulimwa tena pale. Jirani wa zamani, Mzee Muhsini, ambaye bado analima yake upande wa pili wa kijito, aliziba nyufa kwa udongo siku mbili mfululizo.

"Shikamoo, Baba Muhsini. Utaumia mgongo."

"Marahaba, binti Tadei. Mgongo ulishaumia tangu enzi za baba yako. Wewe una hakika kitu chako kitawaka?"

"Kitawaka."

"Inshallah. Maana hawa watu wanakuja kukucheka, si kukusikiliza. Nimewasikia sokoni."

Walikuja Jumamosi, wengi kuliko alivyotarajia, kwa bodaboda na kwa miguu, wamevaa nguo za kanisani. Athanasi alikuja pia, moja kwa moja kutoka kwenye darasa lake la hisabati la asubuhi. Mbele kabisa alikaa Mama Jovina, jina lake Walburga, muuza maharage wa sokoni, mwanamke mwenye mabega mapana na sauti ya kuitia wateja. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenda shuleni kudai mwalimu aondolewe. Alikuwa ameviringisha rozari mkononi kama bandeji. Mimi nilikaa kwenye gogo karibu na mlango, hatua chache kutoka kwenye meza ya Notburga. Ndani kulikuwa bado na harufu ya moshi wa miaka mingi, na fito zilikuwa juu yetu, tupu.

Notburga alikuwa ameegemeza ubao ukutani. Aligonga mara mbili. Watu wazima walinyamaza kama watoto wao.

Alichora mkono. Alichora vishimo vitatu. Aliwaeleza kama alivyowaeleza wasichana, akifuta na kuchora tena, na mlango ulikuwa wazi ili waone. Aliwaeleza vitezi vya shingoni na ganzi ya midomo. Kisha, kwa kuwa alihitaji mwanga wa kupimia, alikifungua kijichupa cha kwanza pale pale, akatia maji yaliyosafishwa, akatikisa polepole.

"Baba Muhsini, funga mlango."

Giza likashuka, zito, la bani. Alisema tungoje ili macho yazoee.

"Tunatazama wapi?" mtu aliuliza.

"Mbele."

"Mbele ndiyo wapi?"

"Kule ninakokohoa." Akakohoa. Watu wakacheka.

"Kuna mtu kanikalia mguu," alisema Mzee Muhsini. "Wallahi nauhitaji."

"Natia kalsiamu sasa," alisema Notburga.

Tulikaza macho. Hakikutokea kitu. Tuliendelea kuyakaza mpaka kila mtu akaanza kuona vinyota vyake mwenyewe.

"Ndiyo hiyo?" ilikuwa sauti ya Walburga. "Mwalimu, hata mshumaa wa ubatizo unawaka."

Kicheko kilizunguka ukuta mzima. Athanasi akasema, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kicheko, "Labda tuombe kidogo, Mwalimu."

Mzee Muhsini alifungua mlango. Notburga alikuwa amesimama akitazama mikono yake. Vidole vilikuwa vyeupe vyote, kuanzia kucha mpaka viungo, kama vya mpishi aliyetoka kwenye unga. Alivitazama kwa muda mrefu. Kisha akaanza kucheka, peke yake, na kicheko hicho kiliwatia watu wasiwasi kuliko kuanguka kwake.

"Nimezaliwa ndani ya uwanja huu," alisema. "Nimechapwa humu kwa kutonawa mikono. Nimekosea, wazazi. Chaki hii ni jasi, na jasi ni kalsiamu. Vumbi la vidole vyangu limeingia kwenye kijichupa nilipokifungua. Nuru ilitoka pale pale, mlango ukiwa wazi, jua likaimeza."

"Kwa hiyo tuliiona bila kuiona," alisema mwanamume mmoja wa nyuma.

"Ndiyo."

"Hata mimi malaika wangu namwona hivyo hivyo."

Walicheka tena, na wawili wakasimama kuondoka. Athanasi alijikung'uta suruali. "Umejitahidi, Mwalimu. Kila mtu ameona umejitahidi."

"Kaeni," alisema Notburga. Hakupaza sauti. "Na wewe, Mkuu, kaa. Nina kijichupa kingine."

Wakakaa. Sijui kwa nini watu walimtii. Labda kwa kuwa walitegemea aone haya, na haya yenyewe haikuja. Mzee Muhsini alimmiminia maji ya birika, akanawa mpaka viwiko. Kisha akajisuuza kwa yale maji yaliyosafishwa, akaeleza kwa nini: maji ya kisima nayo yana kalsiamu yake. Aliinua mikono hewani mpaka ikakauka. Ile chupa ya kalsiamu aliyoileta kutoka dukani aliisukuma pembeni.

"Mkuu, una chaki mfukoni?"

Athanasi alipapasa koti. Mwalimu wa hisabati hakosi. Alitoa kipande kifupi, kilichoishia nusu.

"Kisage mwenyewe. Kitie kwenye kikombe hicho, ongeza maji, koroga. Usinipe mimi. Nisije nikaambiwa nimekinuizia."

Athanasi alisaga kwa mgongo wa kijiko, shingo imeinama, watu wote wakimwangalia. Maji yakawa meupe. Aliyaacha yatulie, akayavuta ya juu kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akaliweka mezani. Mlango ukafungwa. Safari hii Notburga alitia maji kwenye kijichupa gizani, kwa kupapasa tu.

Tulingoja. Safari hii hakuna aliyefanya mzaha.

Nilikuwa karibu, nikasikia pumzi yake ikibadilika, ikawa fupi na ya haraka. Alikuwa amezungumza tangu asubuhi, na muda wa vidonge vyake ulikuwa umempita akiwa penye ubao.

"Mama Jovina," alisema. "Uko wapi?"

"Hapa."

"Njoo mbele. Fuata meza."

"Kuna nini?"

"Mkono wangu umejikunja. Siwezi kushika kitu."

Bodaboda ilipita mbali barabarani. Niliwasikia watu wa mbele wakisogea nyuma, makalio yakikwaruza sakafu. Mtu mmoja alianza Salamu Maria chini chini. Walburga hakusogea mbele wala nyuma.

"Utaanguka?" aliuliza.

"Sijui. Sidhani. Nikianguka utanishika kama mwanao alivyonishika."

Hapo ndipo tulipomsikia akisimama. Nguo zake ziligusa meza. Kisha sauti yake, safari hii bila ile nguvu ya sokoni.

"Huu ndio mkono?"

"Ndio huo."

"Mgumu kama mti. Vidole vimekutana kama vya mkunga anayetafuta njia. Unauma?"

"Unauma sana."

"Pole, mwalimu."

"Asante. Bomba liko kulia kwako, kijichupa kiko kushoto. Kishike kijichupa kwa chini. Ingiza ncha, sukuma."

"Mimi?"

"Wewe."

"Nikikosea?"

"Sukuma tu, Mama Jovina."

Akasukuma.

Nimejaribu mara nyingi kuieleza ile rangi na kila mara naishia kusema buluu. Ilianzia kwenye ncha ya bomba, ikazunguka, ikajaza kijichupa, na kwa muda huo mfupi tulikiona kila kitu kilichokuwa karibu nacho: ushanga wa rozari mmoja mmoja, kidevu cha Walburga, na mkono wa Notburga, umesimama wazi mezani, vidole vimekunjamana bila yeye kuvitaka. Hakuuondoa. Aliuacha pale pale penye nuru, uonekane. Mkono mmoja ulikuwa umekunjika kwa kukosa kile kile kilichokuwa kinawasha kijichupa kando yake, na hakuhitajika mtu wa kutueleza tena. Kisha nuru ikafifia, ikawa kama kumbukumbu ya jicho, ikaisha.

"Imekwisha?" Walburga alinong'ona.

"Imekwisha."

Gizani tukasikia kitu kikivunjwa, kigumu, mara kwa mara.

"Nini hicho tena?" aliuliza mwanamume wa nyuma.

"Ni mimi," alisema Notburga, mdomo umejaa. "Natafuna dawa."

Mlango ulipofunguliwa alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono juu ya goti, akipumua polepole. Alimwambia yeyote anayetaka kuutazama asogee autazame. Wengine walisogea. Vidole vilichukua muda kufunguka, kimoja baada ya kingine, na hakuna aliyeondoka mpaka kidole gumba kilipolegea.

Si wote walioona kitu kimoja. Nje ya bani mama mmoja alisema kwa sauti kwamba taa isiyo na moto ndiyo uchawi wenyewe, sasa ushahidi umepatikana. Walburga alikuwa anajifunga kitenge upya. Alimgeukia.

"Basi mchawi ni mimi. Bomba nililisukuma mimi, na chaki kaileta Mkuu wa shule. Tukamateni wote wawili."

Athanasi alisimama karibu yao na kikombe bado mkononi. Niliona alivyochovya kidole kwenye yale maji meupe, akakitazama juani.

Bodi ilikaa wiki iliyofuata. Jibu alilipeleka Athanasi mwenyewe, Msamala, nyuma ya duka la vipuri. Notburga alikuwa anafua. Athanasi alisema bodi imefurahi, wazazi wengi wameridhika, na anaweza kurudi. Isipokuwa lile la maombi limebaki, kwa ajili ya wale ambao hawakuwapo. Safari hii litakuwa fupi zaidi.

"Hao ambao hawakuwapo," alisema Notburga, akikamua shuka, "walialikwa."

"Mwalimu, umeshinda. Kwa nini usimalizie tu kwa amani?"

"Nimeshinda nini, kama bado natakiwa kuinamisha kichwa? Mwenye shetani ndiye anayeinamishwa. Mimi nina upungufu, na upungufu unamezewa vidonge."

"Utaishije?"

"Wewe na mimi tumesikia watu wengi wakiulizwa swali hilo, na wengi wao waliishi."

Athanasi aliingiza mkono kwenye koti, akatoa boksi la chaki, jipya, halijafunguliwa, akaliweka juu ya jiwe la kufulia mahali pakavu. Akaondoka kwa miguu, ingawa bodaboda zilikuwa zimejaa pale kona.

Wa kwanza kumfuata Notburga kwenye bani la baba yake, alikohamishia ubao wake, alikuwa Jovina, aliyeletwa na mama yake juu ya gunia la maharage nyuma ya pikipiki. Walburga alimwambia mwanawe ashuke, akamwambia Notburga, "Shuleni wanamfundisha kwa picha za ukutani. Mimi nimeshika kwa mkono. Naye ashike." Baada ya hao wakaja wengine, wa shule ile na wa shule nyingine, jioni baada ya vipindi, na wakati wa likizo asubuhi. Mzee Muhsini alitengeneza mabenchi kwa fito za tumbaku. Notburga hakutoboa dirisha hata moja. Mlango unatosha kwa mwanga, na unapofungwa, giza bado ni lile lile.

Nje, pale padri alipowahi kusimamishwa, ipo ndoo yenye koki na kipande cha sabuni. Haingii mtu bila kunawa, mzazi wala mwanafunzi. Mwezi uliopita Athanasi alikuja kumtembelea, na yeye pia alinawa.

Notburga Mbano yuko njia ya Namtumbo, katika shamba la marehemu baba yake, na anafundisha biolojia ndani ya bani kila siku isipokuwa Jumapili.